Jumapili Isiyo na Kifungua Kinywa

Mlango wa friji ya mzee Orval Ence ulikuwa na sumaku tatu: hekalu jeupe, tangazo la fundi bomba, na samaki wa plastiki aliyepasuka mkia. Zote tatu zilishikilia karatasi moja.

Marlinda Etsitty, mpelelezi wa ofisi ya Sherifu, alikuwa amesimama mbele ya karatasi hiyo kwa muda wa kutosha kuchemsha yai, na bado hakuwa ameigusa. Ndivyo alivyofanya kazi. Wenzake wakiingia nyumba ya mtu aliyepotea huanza na droo, uvungu wa kitanda na pipa la taka. Yeye huanza na kile ambacho mwenye nyumba amekibandika mahali pa wazi. Watu huficha aibu zao, alizoea kusema, lakini safari zao huzitangaza.

Wino ulikuwa wa bluu, umepauka, na mwandiko wa mviringo:

ZIWANI
Hema kubwa. Vigingi virefu vya mchangani (si vile vifupi, Orval!)
Nanga mbili, kamba mbili ndefu
Sufuria la chuma, makaa, koleo
Choo cha kubeba (usicheke, ni sheria)
Visanduku vya dawa, 2

Kando kulikuwa na jedwali la milo ya watu watatu. Ijumaa, chakula cha jioni. Jumamosi, milo mitatu. Jumapili, milo mitatu. Jumatatu, kifungua kinywa, kisha neno moja tu: kurudi.

Juu ya wino huo alikuwa amepita mtu wa pili na penseli nzito. Kila kitu kilikuwa na alama ya vema. Kwenye Jumapili, kifungua kinywa na chakula cha mchana vilikatwa kwa mstari ulionyooka sawasawa. Na kwenye kona ya juu kulikuwa na tarakimu nne: 3548. Tarehe haikuwepo.

"Wino ni wa Mama, penseli ni ya Baba," alisema Janae Holt, binti wa mzee, aliyekuwa ameegemea sinki huku amekunja mikono. Alikuwa mama wa miaka arobaini na saba, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Hiyo ndiyo orodha yake ya mwisho. Baba hajaandika nyingine."

"Hao watu watatu ni akina nani?"

"Mama, Baba na mimi. Kila vuli, tangu nikiwa na miaka sita. Mimi ndiye nilikuwa mbeba choo."

"Na mwaka huu?"

Janae alitazama sakafu. "Mwaka huu alipiga simu akauliza, tunaenda? Nikamwambia mimi sina muda na yeye hana moyo wa kazi hiyo. Nikamwambia auze mashua. Akakata simu. Ni mwanzoni mwa Septemba hiyo, na hatujasemezana tena."

Alichokuwa nacho Etsitty mpaka saa hiyo, Jumanne asubuhi, tarehe saba Oktoba, kilienea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Orval Ence, miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa useremala, mjane. Pikapu haipo, trela haipo, mashua haipo, simu yake haipatikani. Juzi Jumapili hakutokea kwa binti yake, kwenye mkusanyiko wa familia ambao hakuwahi kuukosa. Janae alikuja hapa alasiri ile, akakuta nyumba imefungwa, akafungua kwa ufunguo wake, akaona orodha iko kwenye friji. Akasoma "Jumatatu, kurudi", akasubiri Jumatatu. Jana jioni, mzee alipokuwa hajarudi, akapiga simu polisi.

Naibu Dalton Clegg aliingia kutoka gereji akiwa na simu ya upepo mkononi na vumbi la mbao kwenye kofia.

"Afande, askari wa ziwa wameiona pikapu yake huko Bullfrog, kwenye maegesho ya gati, na trela tupu nyuma. Aliteremshia mashua pale. Wametuma mashua moja kuangalia upande wa kaskazini, huko anakovua siku zote." Akaitupia macho orodha. "Hee! Choo kimeandikwa na kina vema. Huyu ni mtu wa ziwa kweli. Wageni husahau choo, halafu wanatozwa faini na aibu juu."

"Aliondoka lini, Clegg?"

"Hilo rahisi." Clegg alijishika kiuno kama mwalimu. "Tazama Jumapili. Asubuhi kakata, mchana kakata, kabaki na cha jioni. Hiyo ni Jumapili ya mfungo katika kanisa lao. Mimi nimeacha kanisa miaka kumi na minane, lakini njaa ya Jumapili ya kwanza ya mwezi haisahauliki, Afande. Tulikuwa tunahesabu vigae vya dari. Sasa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu ni tarehe tano. Kwa hiyo kaondoka Ijumaa ya tarehe tatu, alitakiwa kurudi jana. Na jirani, Dada Thora Bulloch, kaniambia alimwona akifunga trela Alhamisi iliyopita. Zimelingana."

Zilikuwa zimelingana kweli, na Etsitty hakuwa na ugomvi na hesabu inayolingana. Alimpigia Sherifu.

"Kachelewa siku moja, Etsitty," sauti ya Sherifu ilisema, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa mtu anayetafuna. "Samaki wakila, hata mimi huchelewa siku mbili. Askari wa ziwa wana mashua mbili tu, na moja tayari wameitoa. Nipe sababu nitaomba ya pili."

"Ana ugonjwa wa moyo."

"Ana dawa?"

Etsitty alimgeukia Janae. Janae alieleza kwa haraka: kidonge kimoja kila asubuhi, cha kuzuia damu isigande. Daktari alisema akikosa siku mbili tatu, ajiandae kwa lolote. Vidonge huviweka kwenye kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki.

"Saba kuanzia Ijumaa ya tarehe tatu," Clegg alihesabu kwa vidole, "vinamfikisha Alhamisi hii, tarehe tisa. Tuna keshokutwa nzima."

"Umesikia?" Sherifu aliuliza. "Keshokutwa nzima. Asubuhi tutazungumza."

Simu ikakatwa. Clegg akaenda kusimama kwenye upepo wa dirisha, ameridhika. Etsitty aliitazama tena ile karatasi, na akakiri moyoni kwamba inamkera, bila kujua wapi hasa. Mtu aliyekata mstari kwa rula hakuandika tarehe. Kwa nini? Labda kwa sababu kwake tarehe ilikuwa imeshaandikwa.

Ndipo akaiona sahani. Ilikuwa kwenye kaunta karibu na kibaniko cha mkate, imefunikwa kwa karatasi ya fedha, na juu yake kuna kijikaratasi: *Baba, hii ni ya kwako. J.* Alifunua pembe moja kwa ncha ya kalamu. Mikate mitatu ya mdalasini, ile ya kuviringishwa, yenye sukari nyeupe iliyokwisha kukauka juu.

"Uliileta lini?"

"Jumapili, nilipokuja kumtafuta. Ni desturi yetu. Asubuhi watoto na wajukuu wote wanajaa kwangu, tunawasha televisheni tunasikiliza Mkutano Mkuu wa kanisa, tunakula mikate ya mdalasini mpaka tunaona haya. Baba peke yake hula minne."

"Asubuhi."

"Ndiyo, asubuhi. Ikiwa ya moto."

Etsitty aliirudisha ile pembe ya karatasi ya fedha taratibu. Yeye hakukulia katika kanisa hilo. Lakini njaa na shibe anazijua kila mtu.

"Dada Janae, nisaidie mimi mgeni. Clegg kaniambia Jumapili ya tarehe tano ilikuwa ya mfungo. Mlikulaje mikate asubuhi siku ya mfungo?"

"Hapana, hatufungi siku ya Mkutano Mkuu. Aprili na Oktoba mfungo huwa unasogezwa. Mwaka huu kata yetu ya kanisa tulifunga wiki moja kabla, tarehe ishirini na..."

Hakumalizia. Mkono wake ulipanda ukafunika mdomo.

Clegg aligeuka kutoka dirishani. Masikio yake yalikuwa yameiva kama nyanya. "Oktoba," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Nimesahau Oktoba."

"Tarehe ishirini na nane," Etsitty alimalizia. "Kama ile mistari ya penseli inasema kweli, Jumapili yake ilikuwa ishirini na nane Septemba. Aliondoka Ijumaa ya ishirini na sita. Hakuchelewa siku moja. Alitakiwa kurudi siku nane zilizopita."

"Lakini Dada Thora alimwona Alhamisi iliyopita!"

"Nionyeshe daftari lako."

Clegg alilitoa. Maneno aliyoandika yalikuwa manne tu: *Alhamisi. Anatoa pipa. Anamwona.* Neno "iliyopita" halikuwepo popote. Lilikuwa limezaliwa kichwani mwa Clegg, kati ya geti la jirani na jiko la mzee Ence.

Etsitty alipiga namba ya jirani na kuweka simu kwenye spika.

"Bibi Bulloch, shikamoo. Ni polisi tena. Ile Alhamisi ulipomwona Mzee Ence akifunga trela, ulikuwa unatoa pipa lipi?"

"Marahaba, mwanangu. La bluu. Lile la makopo na maboksi. Nikamwambia, Orval, peke yako na moyo huo? Akaniambia, Thora, shughulika na maboksi yako."

"Una uhakika ni la bluu?"

"Ningetoaje la kijani na wiki yenyewe ilikuwa ya bluu? Mimi si kichaa."

Kalenda ya mapipa ilikuwa ubavuni mwa friji, kama ilivyo kwenye kila friji ya mtaa ule. La bluu, kila Alhamisi ya pili. Ishirini na tano Septemba. Kisha tisa Oktoba. Alhamisi iliyopita ilikuwa ya kijani.

Janae akasema kile ambacho wote watatu walikuwa wamekwisha kukihesabu. "Vidonge saba kuanzia tarehe ishirini na sita. Cha mwisho alikunywa Alhamisi iliyopita. Siku tano zimepita." Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kukitazama. "Kata nzima haikushangaa kutomwona, vuli nusu ya mabenchi huwa yako ziwani. Lakini mimi ni mwanawe. Nilikuwa nimenuna. Nimekaa nimenuna nyumbani kwangu, baba yangu yuko kwenye korongo anamaliza dawa."

Alilia waziwazi, kwa sauti, na Clegg akavua kofia asijue aiweke wapi. Etsitty alimwachia muda wa kufuta uso, si zaidi, kwa kuwa huruma yake yote wakati huo ilikuwa kwenye mstari mmoja wa wino.

"Visanduku vya dawa," alisoma. "Viwili. Vya nani na nani?"

"Cha Baba na cha Mama. Cha Baba cha bluu, cha Mama cha pinki. Lakini Mama hayupo. Cha kwake kiko kwenye droo ya bafuni, hakuna aliyekigusa."

"Baba yako ameweka vema kwenye viwili. Ameweka vema kwenye nanga mbili, kamba mbili, chakula cha watu watatu. Huyu ni mtu wa kusoma 'mbili' akabeba moja?"

Janae alimtazama, kisha akainuka na kwenda bafuni karibu kwa kukimbia. Walisikia droo ikivutwa. Ikavutwa mpaka mwisho.

"Hakipo!"

Kisichokuwepo huweza kuwa kimetupwa. Etsitty alifungua kabati la kioo, akatoa chupa ya vidonge, akasoma karatasi ya duka la dawa. Vidonge tisini, vilitolewa tarehe kumi na mbili Septemba. Alitandaza taulo ya karatasi kwenye kaunta ya jikoni, akamwaga, akahesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu. Clegg alihesabu naye kimyakimya, midomo ikicheza.

"Sitini na mbili," Etsitty alisema. "Wewe?"

"Sitini na mbili."

"Kuanzia tarehe kumi na mbili mpaka ishirini na tano alikunywa kumi na vinne. Vingebaki sabini na sita. Viko sitini na mbili. Vingine kumi na vinne vimekwenda wapi?"

"Saba kwenye cha bluu," Janae alisema polepole, "na saba kwenye cha pinki."

"Kajaza vyote viwili, kwa kuwa orodha ya mama yako ilisema viwili." Etsitty alivirudisha vidonge kwenye chupa. "Siku kumi na nne kuanzia Ijumaa ile. Ana dawa mpaka Alhamisi hii."

Janae alicheka na kulia kwa pamoja. "Miaka hamsini Mama alimwambia hafuati maagizo."

Sherifu alipopigiwa safari hii hakutafuna. Alisikiliza mfungo, pipa la bluu na vidonge, akauliza swali moja tu, na lilikuwa ndilo.

"Mashua zote mbili utazipata. Ziende wapi? Ziwa hilo lina makorongo tisini na ushee, na mengine hata mwangwi hauwezi kugeuka ndani. Nikizipeleka kusiko, Alhamisi itatukuta bado tunazunguka."

"Nipe dakika ishirini."

Zilibaki zile tarakimu nne.

"Nilidhani ni mwisho wa leseni yake ya uvuvi," alisema Clegg, ambaye sasa alikuwa anasema kila kitu kwa kuomba radhi.

"Wewe leo usidhani tena, Clegg. Dada Janae?"

"Aa, hicho ni kimo cha ziwa. Futi juu ya usawa wa bahari. Watu wengine wakiamka hutazama kama kutanyesha, Baba hutazama ziwa limefika ngapi." Janae alishika simu yake, akabonyeza. "Leo ni elfu tatu mia tano arobaini na sita na nusu. Tarehe ishirini na sita... arobaini na nane kamili."

"Kwa hiyo tarehe aliiandika," Etsitty alisema. "Kwa lugha yake. Hakuchagua siku, alichagua maji. Arobaini na nane kuna nini?"

"Sijui. Kweli sijui. Sisi siku zote tulipiga kambi kaskazini, kwenye mchanga."

Etsitty alianza kutembea ndani ya nyumba, mikono nyuma. Sebule. Ukumbi mwembamba. Humo ukuta mzima ulikuwa picha: harusi, wahitimu, samaki walioinuliwa kwa mapezi. Katikati, mahali ambapo kwa vumbi jipya la msumari uliopigiliwa ilionekana picha imening'inizwa juzi juzi tu, kulikuwa na moja ndogo isiyo na rangi. Msichana amekaa kwenye ubao wa mwamba uliochomoza kama rafu ya jikoni, miguu majini, kikaango mkononi. Nyuma yake ukuta wa jiwe, na katika ukuta tundu la mviringo, na chini ya tundu mchirizi mweusi wa maji ya mvua.

Etsitty alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, lakini hakunyoosha mkono. Kwao, kabila la Wadiné, vitu vya marehemu havishikwishikwi, wala jina lake haliitwi ovyo.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo! Hii ilikuwa kwenye sanduku la juu ya dari. Imefikaje hapa?"

"Itoe wewe kwenye fremu. Tazama nyuma."

Janae aliigeuza. Penseli, mkono wa Orval alipokuwa kijana, lakini mstari ulikuwa umenyooka vilevile. "*Jiko la LaRue. Juni 1968. Maji 3548.*" Alisoma jina la mama yake mara ya pili bila sauti. "Walioana mwaka huo, Mei. Bwawa lilikuwa jipya, ziwa bado linajaa. Mama alikuwa akisimulia kwamba walikuwa na jiko la jiwe, wakakaa siku nne, na kiangazi kilekile maji yakalimeza. Nilidhani anatia chumvi."

"Na limeibuka."

"Maji yalifika hapo wakati fulani yakishuka, lakini Mama alikuwa anapumulia mashine. Yalipopita hapo tena alikuwa ameshazikwa, na Baba hakutoka nyumbani." Akaigeuza tena picha. "Alitaka kunipeleka nikaone. Ndiyo maana alipiga simu."

Etsitty alikuwa bado anatazama lile tundu ukutani. Kisha akafanya jambo ambalo Clegg hakuwahi kumwona akifanya kazini: akatabasamu.

"Askari wa ziwa wanatafuta kaskazini," alisema. "Hili jiwe liko kusini, upande wetu. Bibi yangu alichunga kondoo juu ya ukuta huo. Akiliita Jiwe Linalosikiliza. Alikuwa anatukataza kumsengenya mtu tukipita hapo, na siku hiyo ndiyo tulikuwa na mengi ya kusengenya. Clegg, niletee ramani. Maili arobaini chini ya Bullfrog, ukingo wa kusini, korongo ambalo mdomo wake ni mwembamba kama mlango wa zizi."

Alipokwisha kumweleza Sherifu, alirudi jikoni kuchukua kielelezo. Alipiga picha ya karatasi mahali ilipo, akavaa glovu, akaondoa hekalu, akaondoa fundi bomba. Alipomwondoa samaki, mstari mmoja zaidi wa wino ulitokea, uliokuwa umefichwa na tumbo lake.

*Blanketi la Janae (kila mwaka anasema hatasikia baridi).*

Ulikuwa mstari pekee usio na vema.

Etsitty alimwita Janae. Alimwonyesha tu. Janae alisoma, kisha akageuza kichwa kuelekea mlango wa mbele. Kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango huo, mahali ambapo mtu angekiona akiingia tu, kulikuwa na blanketi la sufu la mistari ya kahawia limekunjwa vizuri mara nne. Juu yake ulikuwa mkoba wa Janae, mahali alipoutupa leo kama alivyoutupa Jumapili.

---

Kutoka mjini mpaka Bullfrog ni mwendo wa saa mbili na nusu, na Clegg aliendesha kwa mbili. Saa kumi alasiri walikuwa wamesimama kwenye zege la kuteremshia mashua, jua likiwapiga shingoni, daktari akiwa na gari lake wazi nyuma yao. Janae alikuwa amelikumbatia blanketi kwa nguvu zote, na joto lile hakulisikia.

Simu ya upepo ilikoroma.

"Etsitty, huyu ni Kessler, mashua ya pili. Tumepita mdomo wa korongo. Tunaliona tundu." Mlio wa injini. "Tunaona mashua. Lo! Imekaa juu ya mwamba kama kuku kwenye mayai. Maji yamesogea chini yameiacha. Hakuisukuma asubuhi moja tu, basi ikanasa. Wanaume wanne hawaisukumi hii."

"Mtu je, Kessler?"

Clegg alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Janae alifumba macho, na midomo yake ilikuwa inasali bila kificho.

"Mtu yupo. Amekaa kwenye kiti cha kukunja. Yuko hai. Anatuuliza kwa nini tunapiga kelele na samaki wake wapo karibu."

Janae alipiga ukelele ambao uliwainua ndege majini. Clegg alimkumbatia Etsitty, akakumbuka cheo chake, akamwachia.

Walimleta jua likiwa bado liko juu ya ukuta wa magharibi. Mzee Orval Ence alikuwa amekonda, ndevu nyeupe zimemtoka, midomo imepasuka. Alikataa machela mpaka daktari akamtishia sindano, ndipo akakubali kukaa juu yake, si kulala. Mfukoni mwa shati lake vilichungulia visanduku viwili, cha bluu na cha pinki. Etsitty alikihesabu cha pinki kwa macho: vyumba viwili vilikuwa bado vimejaa.

Binti alisimama mbele ya baba.

"Umechelewa siku kumi na moja," mzee alisema.

"Nilikuwa natafuta blanketi, Baba."

"Lilikuwa kwenye kiti."

"Nimeliona leo." Alimfunika nalo mabegani, akalivuta mpaka kidevuni, na mikono yake haikutaka kuliachia. "Nisamehe."

"Jiko lipo," alisema mzee. "Lipo vilevile. Hata masizi ya kikaango chake yako kwenye jiwe. Maji yameshindwa kuyafuta." Kisha akaiona ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki mkononi mwa Etsitty. "Hiyo ni yangu."

"Ni kielelezo, Mzee."

"Cha nini? Kashtakiwa nani?"

Etsitty alifikiria swali hilo kwa haki yote. Alifungua mfuko, akampa karatasi, akampa na penseli. Mzee aliiweka juu ya goti, akatafuta mstari wa mwisho, akaweka vema kubwa. Penseli aliirudisha. Orodha hakuirudisha, aliikunja mara nne, akamkabidhi binti yake.

Janae aliisoma tena tangu juu, hema, vigingi, nanga, akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Mwakani," alisema, "choo utabeba wewe."